Shokapu Mpya ya Mama na Masikio ya Mjomba Gololi

Siku hizi kwenye kile kibanda cha kona, mkabala na posta, wanauza vifuniko vya simu. Nikipita hapo natazama sakafu kabla ya kutazama kitu kingine chochote, maana saruji bado ina doa jeusi la grisi ambalo hakuna sabuni iliyowahi kulishinda. Hapo ndipo mjomba wangu alipokaa kwenye kigoda chake miaka thelathini na tisa, akitengeneza baiskeli.

Watu walimwita Gololi. Mifuko ya ovaroli yake haikukosa gololi, zile duara ndogo za chuma zinazokaa ndani ya gurudumu ili lizunguke vizuri. Akiinama kuokota spana zilimwagika na kukimbia kila upande, naye akazifuata kwa magoti huku akizihesabu kwa sauti. Mkewe alizikuta kitandani, akazikuta kwenye chombo cha chumvi, na siku moja alizikuta ndani ya kiatu chake, ikabidi avue mbele za watu.

Lakini kilichompa sifa hasa ni masikio. Mteja akifika na kuanza kueleza ubovu, mjomba aliinua mkono.

"Usiniambie. Endesha mpaka kwenye nguzo ya umeme, urudi."

Mteja alikwenda, akarudi. Mjomba alikuwa amefumba macho, shingo ameipinda upande mmoja kama kuku anayesikiliza mwewe.

"Pedeli ya kushoto imekauka. Na cheni yako ina kiungo kimoja kinachogoma."

Na kweli ikawa hivyo hivyo. Wengine walikuja kumjaribu tu. Mwalimu mmoja wa hesabu aliwahi kulegeza kengele yake makusudi, akapita mbele ya kibanda mara tatu uso mkavu. Mjomba hakuinua hata kichwa. "Mwalimu, kaza kengele yako, halafu uniletee baiskeli mbovu." Kijiweni walicheka wiki nzima.

Mama yangu ndiye aliyemfuata kwa kuzaliwa. Walikulia kwenye baiskeli moja, ile ya baba yao, nyeusi, kubwa, yenye paipu ya kukata katikati. Miguu ya mjomba ilikuwa mifupi, kwa hiyo aliendesha kwa kupitisha mguu mmoja chini ya paipu, mwili umepinda kama ndoano. Mama alikaa nyuma kwenye keria, kashika shati la kaka yake kwa mikono miwili. Mashati yote ya mjomba yalikuwa yamevutika mgongoni, na bibi alipotaka kujua kama watoto wake wameiba baiskeli tena, hakuuliza mtu. Alikwenda kwenye kamba ya nguo.

Mama alipokua akawa mkunga. Miaka thelathini na miwili alizunguka nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, mkoba wa dawa kifuani. Alipostaafu wenzake wa zahanati walimzawadia baiskeli ya milimani, yenye tairi pana za meno na shokapu mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu na kubonyea ukigonga jiwe. Aliipenda kama mtu. Ila ile shokapu ilikuwa ya rahisi, na baada ya misimu michache ya matope, springi za ndani zilikula kutu mpaka zikagoma kabisa. Kila shimo la barabarani likawa linapanda moja kwa moja hadi kwenye viganja vya mama. Vifundo vikavimba. Daktari akamwambia aache baiskeli.

Nilikuja likizo nikaikuta nyuma ya mlango wa jikoni. Usukani umetundikwa kanga mbili na aproni. Nikaona baiskeli imeanza kuvaa nguo, nikajua mambo yameharibika.

Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali, mji mwingine. Mwenzangu mmoja pale ni mshindani wa baiskeli za milimani, na nilipomweleza habari za mama alinijibu bila kufikiri: mtafutie shokapu ya hewa, inapimwa kwa uzito wa mtu, itambeba kama yai. Likizo iliyofuata nilikuja nayo ndani ya boksi refu.

Mama aliposikia alibishana kidogo, kwa heshima ya daktari tu, kisha akavua zile kanga kwenye usukani mwenyewe. Asubuhi tuliisukuma ile baiskeli mpaka kibandani.

Mjomba alifungua boksi taratibu. Akaipima kwa mkono, akainusa, akaitikisa karibu na sikio la kushoto.

"Springi yake iko wapi?"

"Haina springi, mjomba. Ndani ni hewa."

"Hewa?" Akamgeukia mama. "Mwanao kaniletea hewa. Mimi na hewa tunakutana kwenye tairi, hatujawahi kuwa na mazungumzo mengine."

"Kaka, kama huwezi sema," mama alisema, naye akijua vizuri anachofanya.

"Nani kasema siwezi?"

Ndani ya boksi mlikuwa na pampu ndogo yenye geji, na kitabu cha maelezo chenye herufi kama mayai ya chawa. Mjomba alikiweka kitabu juu ya meza, akaweka kikombe chake cha chai juu yake.

Sehemu ya kwanza ya kazi ilikuwa raha kutazama. Alitoa shokapu ya zamani, akagonga ile pete ya chuma inayokaa chini ya shingo mpaka ikatoka bila mkwaruzo, akaihamishia kwenye mpya. Shingo ya shokapu mpya ni bomba refu, linakatwa kulingana na baiskeli. Alipima mara tatu. Akalibana kwenye jiliwa, akakata kwa msumeno wa chuma polepole, akalainisha kingo kwa tupa, akapitisha kidole gumba kuzunguka mdomo wa bomba. Nilimwona akiliacha refu kidogo kupita alama aliyoiweka. "Likizidi nitalipunguza," alisema. "Likipungua ndio basi." Akapaka grisi, akafunga, akapangusa kila kitu kwa kitambaa.

Kisha ikaja hewa. Mjomba alijaza, akapanda mwenyewe, akajirusharusha, akajaza tena mpaka akaridhika. "Hapo sasa. Panda, mdogo wangu."

Mama alikwenda mpaka kwenye duka la vitabu, akarudi akijipapasa viganja.

"Kaka, nimepanda ukuta."

"Bado mpya. Italegea."

Nilinyanyua kikombe cha chai, nikachukua kitabu. Maelezo yalikuwa wazi: hewa hupimwa kwa uzito wa mwendeshaji, na mjomba alikuwa mtu wa kilo themanini na kitu. Mama ni mwembamba kama ufito.

"Mama, una kilo ngapi?"

"Kilo zangu ni zangu. Nimepima watoto maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kunipima mimi barabarani."

Ikabidi tutumie njia ya pili. Kwenye bomba linalong'aa la shokapu kuna pete nyembamba ya mpira. Unaishusha mpaka chini, mwendeshaji anapanda taratibu na mzigo wake wote, anashuka, unatazama pete imesukumwa umbali gani. Ya mama ilitakiwa kubonyea sentimita mbili na kidogo. Ilikuwa imesogea upana wa ukucha. Mjomba akapunguza hewa.

Hapo tukaingia kwenye ugomvi. Kila alipochomoa pampu ilitoa mlio, psss, na alipoirudisha ili ahakikishe, geji ilisoma chini ya pale alipoiacha. Akajaza. Akachomoa. Psss. Akarudisha. Imepungua tena.

"Inavuja! Umeniletea bomba lenye pancha, daktari wa vichupa."

Nikampigia simu yule mwenzangu. Alicheka mpaka akakohoa. Ule mlio, alisema, ni hewa ya kwenye mpira wa pampu, si ya shokapu. Na ukirudisha pampu, hewa kidogo ya shokapu inatoka kuujaza mpira, ndiyo maana geji inashuka. Mwambie aache kuipima pima.

Nilimweleza mjomba. Aliitazama pampu kama mtu aliyemtukana jirani kwa kosa la mbuzi wa mtu mwingine.

"Kumbe nusu saa nzima nagombana na mpira."

Mama alicheka akashika nguzo ya kibanda. Mjomba naye akaanza, na kwa muda wakawa wale watoto wawili wa baiskeli moja.

Mama alipopanda tena shokapu ilibonyea vizuri, lakini baada ya mashimo matatu ya kufuatana mbele ilibaki imeinama, haikuinuka. Chini ya mguu wa kulia kulikuwa na kitufe chekundu cha kuzungusha, upande mmoja kimechorwa kobe, upande mwingine sungura. Kilikuwa kwa kobe mwisho kabisa, kwa hiyo ikibonyea ilirudi juu kwa uvivu, na shimo la pili liliikuta bado chini. Mjomba alikizungusha vituo vinne kuelekea kwa sungura. Mama akaenda, akarudi uso umefunguka.

"Mikono haijasikia kitu," alisema. "Hakuna kitu kabisa."

Tungemalizia hapo. Lakini kesho yake mama alirudi kibandani.

"Kaka, inagonga. Nikishika breki ya mbele, inasema ko."

Mjomba alipanda, akaenda mpaka kwenye nguzo ya umeme, akashika breki, akarudi.

"Hakuna mlio."

"Upo."

"Mdogo wangu, mimi ndiye fundi."

Hata hivyo aliishusha shokapu nzima, akaipangusa, akairudisha. Ko. Siku ya pili akashusha tena, akabadili breki. Ko. Siku ya tatu nilimkuta ameifungua kwa mara nyingine, vipande vimepangwa juu ya gazeti, shati limelowa jasho. Wateja wawili walikuwa wanasubiri, na mmoja wao alipoanza kueleza ubovu wa baiskeli yake, mjomba hakumwambia aendeshe mpaka kwenye nguzo. Alimwacha aeleze mpaka mwisho, huku akimtazama mdomo. Nikaona ajabu, nikaliacha lipite.

Mama hakuliacha lipite. Alisimama mlangoni nyuma ya kaka yake kwa muda. Kisha, kwa sauti ya kawaida, si ya juu wala ya chini, akamwita kwa jina ambalo bibi pekee ndiye aliyelitumia, jina la utani la utotoni, la kuchekesha kidogo. Sijawahi kusikia mtu mwingine akilitaja.

Mjomba hakugeuka. Mama akamwita tena. Mjomba akachukua kitambaa, akapangusa boliti.

Mama alinitazama, akanionyesha kwa jicho nisiseme neno. Akasubiri mjomba akamilishe kufunga na wale wateja wawili waondoke na ahadi ya jioni. Ndipo akazunguka mbele yake.

"Kaka, nipe mkono."

"Wa nini?"

"Nipe tu."

Nilimwona mama akifanya kitu nilichomwona akifanya nilipokuwa mtoto, alipokuwa akifundisha wakunga wapya. Alichukua mkono wa mwenzake, akauweka mahali, akauacha wake juu yake. Alivitandaza vidole vya mjomba kwenye shingo ya baiskeli, pale shokapu inapoingia kwenye fremu. Kwa mkono mwingine akabana breki ya mbele, akaisukuma baiskeli mbele na nyuma taratibu.

"Tulia. Usisikilize. Shika."

Mbele, nyuma. Mbele, nyuma.

Uso wa mjomba ulibadilika. Vidole vyake vilisogea upana wa unywele, vikarudi.

"Inacheza," alisema polepole. "Shokapu ni nzima. Ni shingo ndiyo inacheza."

"Ndiyo mlio wangu huo."

Alibaki ameshika pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tangu lini, kaka?" mama aliuliza.

Mjomba alitazama barabarani. Basi la shule lilipita, akangoja litokomee.

"Miaka minne. Sikio la kulia lilitangulia. La kushoto linanisikizia bado, lakini milio myembamba siipati. Kengele napata. Mlio wa gololi iliyopasuka sipati tena."

"Na hukusema."

"Niseme nini? Watu wanakuja hapa kwa sababu ya masikio yangu. Fundi kiziwi si atakuwa mtu wa kuziba pancha tu?"

"Miaka minne unawatengenezeaje?"

"Nawaacha waeleze," alisema, na akatabasamu kwa aibu. "Kumbe watu wengi wanajua ugonjwa wa baiskeli zao. Sikuwahi kuwapa nafasi."

Nilidhani mama atalia. Badala yake alimpiga kofi la begani, kofi la mdogo kwa mkubwa, akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake.

"Haya. Ugonjwa tumeupata. Tibu."

Mjomba akafungua kile kifuniko cha juu ya usukani. Baiskeli alizozizoea zilikazwa shingoni kwa nati nene. Hii ilikazwa na kifuniko: ukikikaza kinagandamiza usukani, usukani unagandamiza beringi, mchezo unaisha. Akaingiza kidole ndani, akakipitisha kwenye mdomo wa lile bomba alilolikata mwenyewe. Kisha akagonga paji la uso kwa spana.

"Nimeliacha refu. Kifuniko kinagusa bomba kabla hakijagusa usukani. Siku tatu nakaza hewa."

Hakulikata tena. Alichakura kwenye makopo yake, akapata washa moja nene, pete ya chuma, akaiweka juu ya usukani chini ya kifuniko, ili kifuniko kipate cha kugandamiza. Akakaza kidogo, akaweka vidole, akasukuma. Akakaza kidogo tena. Akasukuma, macho wazi. Safari hii hakupinda shingo wala kufumba kitu.

"Imekufa," alisema. "Imekufa kabisa. Panda."

Mama hakuelekea duka la vitabu. Alielekea upande wa tangi la maji, kwenye mteremko mrefu wa kokoto ambao wao wawili waliwahi kushuka kwa baiskeli ya baba yao, siku breki zilipokatika na wakasimamishwa na rundo la mchanga wa mjenzi. Mjomba alichukua baiskeli ya mteja, bila ruhusa, akamfuata. Mimi nilibaki kulinda kibanda. Walirudi baada ya saa nzima wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, wanabishana ni nani aliyelia zaidi siku ile ya mchanga.

Wiki iliyofuata mama alimpeleka hospitali kupima masikio. Alikwenda amekunja uso, akarudi na kifaa kidogo nyuma ya sikio la kushoto. Siku ya kwanza alikaa nacho mpaka saa nne asubuhi, akakivua, akakitia kwenye kopo la gololi. Alisema hakukumbuka kwamba dunia ina kelele kiasi hicho, na kwamba jirani yake anayeuza mboga alikuwa anamsema miaka yote hiyo. Baadaye alikizoea. Lakini baiskeli aliendelea kuzitibu kwa vidole. Alimshika mteja mkono na kuuweka kwenye ubovu, "Hapo, umesikia?" na watu wakaondoka wakijua kitu ambacho hawakukijua walipofika. Nadhani katika miaka sita ya mwisho alikuwa fundi bora kuliko miaka yote aliyosifiwa.

Mama alirudia njia zake. Viganja vilimuuma siku za baridi tu. Hakwenda tena kuzalisha, alikwenda kusalimia. Wanaume wenye ndevu walitoka majumbani na kumpokea baiskeli, naye akawaambia mbele ya wake zao walizaliwa na uzito gani.

Mjomba alifariki msimu wa mvua mwaka juzi, usingizini. Shokapu ya hewa inahitaji kufunguliwa mara moja kwa mwaka, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya, na kazi hiyo aliifanya yeye kila mwaka. Mwaka jana niliifanya mimi, uani kwa mama, nikiwa na kitabu chenye herufi za mayai ya chawa. Nilimwaga mafuta kwenye sketi. Nilisahau mpira mmoja, nikafungua upya. Mama alikaa kando akichambua mchele, mara moja tu aliinuka, akachukua mkono wangu, akausogeza kidogo kwenda kushoto.

Nilipomaliza alipanda, akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akarudi bila kujipapasa viganja. Akaniuliza kama nina njaa.